Ngamia wa Kitovu na Pikipiki ya Magurudumu Manne

Maziwa ya ngamia yakiwekwa ndani ya chombo kilichofukizwa moshi wa kuni hutoa harufu ambayo mgeni huiona kali, na sisi tuliozaliwa nayo huiona ya nyumbani. Mimi nikiisikia uso huniwaka. Juzi tu nilikuwa napita sokoni hapa Garissa, pale akina mama wanapopanga mitungi yao ya manjano asubuhi, mmoja akafungua kifuniko ili mteja aonje, na harufu ikanifikia nikiwa bado upande wa pili wa barabara. Nikageuka nikajifanya nasoma simu. Mtu mzima, nina mke, nina kazi, nakimbia harufu ya maziwa! Sababu yake ni pikipiki ya watoto yenye magurudumu manne, ngamia mmoja aliyeitwa Deero, na kiapo nilichokula nikiwa na miaka kumi na miwili. Jambo hili sijawahi kumsimulia mtu lote, na hata sasa ninapoandika kuna mahali natamani nilipambe kidogo. Sitalipamba.

Deero alikuwa wangu kabla sijajua hata kushika kidole cha mtu. Kwetu sisi Wasomali, mtoto akizaliwa na kufungwa kitovu, mtu wa ukoo humtengea mnyama jike, na kila atakachozaa mnyama huyo ni mali ya mtoto. Mimi nilitengewa na Ayeeyo, nyanya yangu mzaa baba. Alinichagulia ndama mwenye shingo nyembamba, akamwita Deero, yaani swala. Sisi tulikaa Iftin, hapa mjini, ambako baba ana duka la vitambaa, lakini Ayeeyo alikataa katakata kuishi kwenye nyumba za mabati. Alikaa nje kidogo ya Modogashe, na kila likizo nilipelekwa kwake kwa lori. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa ulimi, asiyejua kumbembeleza mtu. Mapenzi yake yote aliyatia kwenye kikombe. Asubuhi alimkamua Deero, akanipa mimi kikombe cha kwanza povu likiwa bado linapasuka, ndipo naye akanywa. "Kunywa, ni wako," alikuwa akisema. "Mimi hapa ni ombaomba tu kwa mwenye mali." Alinifundisha pia mwito wa Deero, sauti ya kooni inayopanda na kushuka, ambayo hakuitwa nayo ngamia mwingine yeyote. Ukiutoa, Deero aliinua kichwa hata akiwa mbali kwenye miti ya miiba, akaja moja kwa moja. Mwaka ninaousimulia adeer yangu, ndugu wa baba, alikuwa amewahamisha ngamia wengine kwenda malisho ya upande wa Diff, kwa hiyo Deero na ndama wake ndio waliobaki kwa Ayeeyo. Maziwa yake yote yalitoka hapo.

Likizo ya Aprili ilikuwa inakaribia nilipoiona ile pikipiki. Iliwekwa mbele ya duka moja la vipuri hapa mjini, nyekundu, bado ina karatasi za plastiki kwenye kiti, magurudumu yake manne manene kama maandazi. Sisi watoto tuliiita kwadi. Haikuwa kitu cha maana. Ilikuwa ya bei nafuu, ya watoto, plastiki tupu juu na injini ndogo chini, lakini darasani kwetu kulikuwa na mtoto wa kontrakta aliyekuwa nayo kubwa zaidi, na kila Jumatatu tulimsikiliza akituringia mpaka masikio yakauma. Nilijua nikimwambia baba nataka kitu cha kuchezea atanifukuza dukani kwa fimbo ya kupimia vitambaa. Nikakaa nikafikiri siku mbili nzima. Kisha nikamwendea na kumwambia kwamba namhurumia Ayeeyo, anavyokwenda kisimani na punda kila siku na miguu yake ile, na kwamba mashine hiyo ingemletea mitungi ya maji kwa dakika chache tu. Nilisema kwa sauti ya chini kabisa, ya mtoto mwema. Nikaona macho ya baba yamelegea. Jamani, mzee wa watu alidhani amezaa mtu.

Jumamosi tukaenda kuijaribu. Muuzaji, mtu wa bara mwenye maneno mengi, aliipeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule ya jirani, ambao ardhi yake ni ngumu kama sakafu. Alinionyesha jinsi mafuta yanavyosukumwa kwa kidole gumba, breki ziko wapi, na skrubu ndogo ya kuzuia mwendo usizidi. Nyuma palikuwa na kamba nyekundu. Mtu mzima huivaa mkononi, na mtoto akizidisha mbio huivuta na injini ikazima. Baba akaivaa. Alikuwa na macawis yake ya kijani, ile shuka ya kiunoni ya wazee wetu, na kofia, na ndevu zake zenye hina, mtu anayeheshimiwa Iftin nzima, na mimi nilipoondoka alianza kukimbia nyuma yangu ameshika shuka kwa mkono mmoja. Watoto waliokuwa golini walianguka kwa kicheko. Kandambili moja ikaruka, kamba ikavutika, injini ikazima. Niliona aibu kuwa mwanawe. Ndiyo, niliandike hivyo hivyo: baba alikimbia juani ili nisiumie, na mimi nilimwonea aibu. Muuzaji akacheka, akanifunga kamba mwenyewe mkononi, akasema kijana ameshajua, aende.

Nikaenda. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Upepo ulipita masikioni, mlio wa injini ukanitetemesha meno, na nikaona sura ya mtoto wa kontrakta itakavyokuwa Jumatatu. Nilivuka uwanja wote mpaka nyuma ya goli la mbali, ambako upepo huwa umerundika mchanga. Mchanga wenyewe haukuzidi kifundo cha mguu. Kwadi iliingia, ikaguna, magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale na kuanza kuchimba shimo. Nikasukuma mafuta zaidi, ikazidi kuzama. Na hapo sikuwa na mtungi hata mmoja wa maji nyuma yangu, ni mimi tu na mifupa yangu. Nikageuka kumtazama baba. Alikuwa amechuchumaa mbali, anang'oa mwiba kwenye kandambili. Nikaruka chini haraka, nikashika chuma cha nyuma, nikaivuta hadi kwenye ardhi ngumu, nikafuta shimo kwa mguu, nikapanda tena na kurudi nikitabasamu. Baba akamuuliza muuzaji kwa Kiswahili chake cha dukani, "Hii, na mchanga, inabita?" Muuzaji hakutaka kujifunga. "Mzee, muulize dereva, ndiye aliyeiendesha." Baba akanigeukia. Wote wawili wakaningoja.

"Inapita," nikasema. "Wallahi inapita."

Msomaji anayejua nyumba za Kiislamu anaelewa nilichofanya. Mtoto wa kwetu hufundishwa kutocheza na neno hilo kabla hajafundishwa kufunga vifungo vya shati. Baba hakuuliza tena. Alimwambia muuzaji aiweke wiki moja, kisha tukiwa njiani kurudi nyumbani akanieleza kwamba duka halina fedha za kutoa kwa mara moja, na kwamba mnyama pekee anayeweza kununua kitu hicho ni Deero na ndama wake. "Lakini ni wako," akasema. "Mimi siwezi kumuuza. Utasema mwenyewe mbele ya nyanya yako." Nilidhani hapo moyo wangu utashtuka. Wala! Niliwaza tu kama wiki moja ni siku saba au nane.

Tulifika kwa Ayeeyo mchana, lori limesimama barabarani likitungoja. Baba alimweleza mambo yote, maji, punda, miguu yake. Ayeeyo alisikiliza huku anasugua chombo cha maziwa kwa kijiti chenye moto, moshi ukimzunguka usoni. Baba alipomaliza, Ayeeyo aliuliza jambo moja. "Hicho kitu kinapita mchanga huu?" Akaonyesha kwa kidevu ule mchanga uliotuzunguka pande zote. "Mtoto amekiendesha," baba akajibu. "Ameapa." Ayeeyo akaniangalia. "Akiapa, basi," akasema. Kisha baba, kwa sauti rasmi kama ya barazani, akaniuliza: ngamia ni wako, unasema auzwe? Nikasema auzwe. "Muulize tena," Ayeeyo akasema, "pengine hakusikia vizuri." Baba akaniuliza tena, na mara ya pili nilijibu haraka zaidi.

Deero alikuwa mbali, anakula kwenye miiba. Watu wa lori walijaribu kumzunguka, akawatoroka mara mbili, tatu. Dereva akaanza kulalamika kwamba anachelewa. Ayeeyo alikuwa amekaa tu, hakuinuka, na hakuna aliyethubutu kumwambia aite. Basi nikaita mimi. Nikatoa ule mwito wa kooni, wa asubuhi, wa kikombe. Deero akainua shingo yake nyembamba, akaja moja kwa moja na ndama nyuma yake, akashusha kichwa kifuani kwangu akitafuta mkono. Wakamtia kamba. Nimesikia watu wakisema mtoto hajui anachofanya. Mimi nilijua. Nilisikia pumzi yake ya moto shingoni, na bado mkono wangu ulimshikilia mpaka walipomfunga.

Wiki ya pili tulirudi na kwadi juu ya lori. Watu wa jirani walikuja kuiona, watoto wakagusa plastiki nyekundu, Ayeeyo akatoka akiwa amevaa shuka yake nzuri. Baba akafunga mitungi miwili mitupu nyuma. Nikaiwasha. Kutoka barabarani hadi kwake ni mwendo mfupi, lakini katikati kuna mkondo mkavu uliojaa mchanga, na nilipoukaribia nilipunguza mafuta, nikashuka. Kwadi ikasonga yenyewe hatua mbili, ikazama. Tulisukuma, tukavuta, tukapunguza upepo wa magurudumu kama alivyoshauri dereva, tukatoa mitungi. Harufu ya klachi iliyoungua ikajaa. Baba alitokwa na jasho mpaka hina ya ndevu ikamchuruzika shingoni. Mwishoni Ayeeyo alikwenda akamleta punda, akamfungia mitungi yake, akaondoka kwenda kisimani. Asubuhi yake alinipa kikombe cha kwanza kama kawaida. Ilikuwa chai ya rangi.

Hakuna aliyenipiga wala kuniuliza, na ningeshukuru kama wangenipiga. Muuzaji alikataa kuipokea tena, klachi imeungua. Kwadi ilibaki pale kwa Ayeeyo, jua likaikausha, kuku wakataga chini ya kiti chake. Kwa misimu miwili, mpaka adeer aliporudi na ngamia wengine, Ayeeyo alikunywa chai ya rangi, na kila likizo kikombe cha kwanza kilikuwa changu. Nilianza kutafuta visingizio vya kutokwenda Modogashe. Nilisema nina masomo.

Sasa Ayeeyo haoni vizuri, na hatimaye amekubali nyumba ya mabati. Anakaa kwa baba, mlango wa tatu kutoka kwangu. Watoto wa mtaa wetu siku hizi wanazaliwa, wanapigwa picha kwa simu, wengi hawatengewi hata mbuzi, na wazazi hawaoni kasoro. Mimi mwenyewe nilikuwa radhi iwe hivyo binti yangu alipozaliwa mwaka jana. Nilisema moyoni kwamba mtu aliyefanya nililofanya mimi hana uso wa kuomba mnyama wa kitovu. Lakini siku ya saba Ayeeyo alikuja akipapasa ukuta, akaomba apewe mtoto, akamweka mapajani. Akasema kwamba kati ya ngamia wake walio kwa adeer kuna ndama jike mwekundu, na kuanzia leo ni wa huyu. Kisha bila kubadilisha sauti akauliza, "Ule mchanga, ulijua?"

Miaka yote hiyo, na nikajikuta tena niko darasa la saba. Nikasema ndiyo, nilijua.

"Nilikuona," akasema. "Ulishuka kabla haijazama."

Sikuweza kumtazama, ingawa yeye mwenyewe hanioni. Nilitaka kumwambia kwamba ndama huyu hatauzwa, kwamba nitamlinda mpaka binti yangu awe mtu mzima, na maneno yakanitoka kwa mazoea ya kinywa: "Wallahi, Ayeeyo, nita—"

"Usiape," akasema, akinirudishia mtoto. "Mtunze tu."