Isale Nililompelekea Mzee Kalisti

Siku hiyo tulikuwa watano uani kwa Mzee Kalisti: yeye mwenyewe, mkewe Mama Remi, bwana shamba aliyepanda kutoka Moshi, mdogo wangu Anselmi, na mimi. Bado nawaona walivyokaa. Mzee na mkewe wamekwisha kufa, mwanangu, na nawe sasa umepata kazi kama ile iliyotukutanisha pale. Kwa hiyo nisikilize.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikawalea wadogo zangu watatu kwa ndizi na maziwa ya ng'ombe mmoja. Kijiji kizima kiliniita Dada Mkubwa, hata wazee wenye umri wa babu yangu. Nilizoea kuamua kwa niaba ya wengine, na mara nyingi nilipatia. Hilo nalo huharibu mtu.

Miaka ile bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao, wakalipa walivyotaka, na watu wakaanza kung'oa mibuni. Mzee Kalisti, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, alipanda bangi korongoni katikati ya migomba. Anselmi akawa anambebea mizigo mpaka Himo. Nilimtazama macho kila jioni, nikajua habebi tu, anavuta pia.

Ndipo ukaja mradi wa kuwasaidia wakulima waache bangi, walime vanila. Waliniomba niwashawishi majirani, nami nilianza na Mzee Kalisti. Sikwenda kwa ajili yake, nisikudanganye. Nilitaka kumwokoa ndugu yangu kwa shamba la mtu mwingine.

"Miaka mitatu tu, mzee, inaanza kuzaa," bwana shamba alisema. "Na mnunuzi yupo."

Mama Remi alicheka. "Huyu kijana hajaoa. Angekuwa na watoto wa kulisha, asingesema 'tu'."

Mzee Kalisti akanigeukia mimi. "Dada Mkubwa, hata mimi bangi siipendi. Lakini hapo katikati tutakula nini?"

Lilikuwa swali la haki. Badala ya kukiri kwamba sina cha kumpa, nilifungua kitenge nikatoa jani la isale. Unajua kwetu anayeletewa isale hakatai, hata kama amekosewa vibaya kiasi gani. Ni jani la kuombea msamaha. Mimi nilipiga magoti nikalitumia kumnyamazisha mtu mwenye hoja.

Alilipokea kwa mikono miwili. Kesho yake aling'oa bangi yote, akaichoma.

Mwaka wa kwanza walikula mbuzi wao. Mwaka wa pili ng'ombe akaondoka. Nilipeleka ndizi nilizoweza, lakini nami nilikuwa na midomo ya kulisha. Vanila ilipotoa maua, Mzee Kalisti aliamka kila asubuhi na kijiti chembamba, akachavusha ua moja moja kama alivyofundishwa. Maganda ya vanila yakatoka, yakakomaa. Mnunuzi hakuja. Nilishuka Moshi mara tatu kumtafuta. Mara ya tatu hata kibao cha ofisi kilikuwa kimeondolewa.

Akauza kihamba. Ardhi walimozikwa baba yake na babu yake, mwanangu, akamwuzia mfanyabiashara, ambaye alifyeka vanila ile ajenge ukuta. Anselmi alikuwa amekwisha kumpata mkulima mwingine wa bangi. Sikuokoa mtu hata mmoja.

Nilikwenda kuwaaga wakihamia Mabogini kufanya vibarua vya mpunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa anafunga godoro, hakugeuka. "Ungeniomba kwa maneno matupu, ningekujibu kwamba huna cha kunipa. Ulijua, ndiyo maana ulikuja na isale."

Huko huko walifia, akatangulia mke.

Sasa unakwenda kuwaambia watu waache zao linalowalisha. Ni baya, najua lilivyomfanya Anselmi. Lakini usimwambie mtu ang'oe kabla hujaona cha kumvusha mpaka mavuno. Anayekuuliza atakula nini hakupingi. Anakuonyesha kazi yako ilipo. Ukikosa jibu, sema huna, urudi nyumbani na aibu yako. Aibu hiyo ni nyepesi kuliko yangu. Wala usitumie heshima wanayokupa, au mila yao, au jina la Mungu, kuziba mdomo uliouliza vizuri.

Mungu akutangulie huko uendako. Akupe masikio marefu na ulimi mzito wa kuahidi, na mlango wowote utakaobisha uweze kuurudia baada ya miaka.

Mimi siwezi. Remi, binti yao, bado anavuna mpunga wa watu. Mara mbili nimeshuka Mabogini kumwona, na mara zote mbili nimeishia barabarani. Wazazi wake wamelala kando ya mashamba ya mpunga, katika ardhi ya kuazima, mbali na watu wao. Hawa hawanidai fedha: wananidai mahali pa kuwazika upya huku mlimani. Kihamba chetu kimila ni cha Anselmi, kwa kuwa ni mwanamume, naye hataki hata kulisikia jina lao. Mimi sina ardhi ya kuwapa.