Mahali pa Mwanamkisi Kwenye Safu

Uzeeni mwake Mwanamkisi alikuwa akisimulia kwamba chama cha wapiga sakafu wa Amu, kisiwani Lamu, alikianzisha yeye. Alisimulia vizuri, kwa mikono na kwa nyusi, na mgeni asiyejua angemwamini na kumpa pole kwa taabu alizozipata. Mimi sikumwamini, kwa sababu Radhiya jirani yake alikuwa hai bado, na Radhiya hakuwa na kipaji cha uongo. Mwanamkisi hakukianzisha chama kile. Alikicheka miaka miwili, akaingia wa mwisho. Nampenda marehemu, lakini sitamwongezea sifa asizokuwa nazo, maana alizokuwa nazo zilikuwa nyingi kupita kiasi na alizitaja mwenyewe.

Alizaliwa Chundwa, akaletwa Amu na mume ambaye hakudumu. Mume alipokwenda zake alimwachia chumba cha kupanga mtaa wa Langoni, mkeka, na sufuria iliyotoboka. Mtoto hawakujaaliwa. Kwa hiyo mikono yake ndiyo iliyomlisha, na alikuwa na mikono hasa. Wanawake wenzake walisema akipiga hodi, mwenye nyumba huangalia kwanza kama mlango umesalimika.

Nyumba za mawe za mji ule hazikuezekwa makuti. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa kokoto na chokaa mbichi, kisha wanawake hupanda na vipande, yaani mbao nzito zenye mpini, wakainama safu moja na kuipiga hiyo sakafu. Hupigwa siku tatu kutwa, kwa wimbo, huku maji yakinyunyizwa, mpaka chokaa ishikane iwe kitu kimoja. Kazi ikikatizwa kabla ya wakati wake sakafu hupasuka, na mvua ya kwanza humfuata mwenye nyumba kitandani.

Hayo nisemayo yalikuwa mwaka wa 1910 au karibu na hapo. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba utumwa haupo tena, na matajiri wa mji walikuwa wameitii amri, ila walikuwa bado wanaizoea. Walijua sasa kwamba mpiga sakafu hulipwa. Kwamba hulipwa hata kama hakuwaamkia kwa kuinama, hilo lilikuwa likiwaingia polepole.

Aliyewaajiri wanawake hao alikuwa fundi mwashi Kamaludin, mtu wa maneno matamu na kofia safi. Kila asubuhi walikusanyika mlangoni pa nyumba inayojengwa, na fundi akawachagua kwa kidole. Kidole hicho kilianza kwa Mwanamkisi, na kilikuwa kimeanza kwake kwa miaka kumi na mitano. Mahali pake kwenye safu palikuwa ubavuni mwa ukuta mrefu, penye kivuli mpaka adhuhuri. Sahani yake ya wali ilikuja imejaa. Fundi alimwita nguzo ya kazi, na Mwanamkisi akiisikia sifa hiyo alikuwa akipiga kwa nguvu za watu wawili bila kuombwa, jambo ambalo fundi alilijua vizuri sana.

Wimbo pia alikuwa akiuanza yeye. Alitunga papo hapo, akimtania kila mtu: mwenye nyumba na ubahili wake, mpika wali na chumvi yake, fundi na kofia isiyoguswa na vumbi. Wengine wakaitikia, vipande vikaanguka pamoja, na mji mzima ukajua nyumba ya nani inafunikwa.

Radhiya alikuwa kinyume chake. Mnyamavu, mwembamba, na miguu yake ilikuwa ikichomeka kwa chokaa upesi. Mwaka mmoja vidonda vilimlaza siku saba. Aliporudi, kidole cha fundi kilimruka, kikamruka tena kesho yake, na kikaendelea kumruka msimu mzima, kwa sababu mahali pake palikuwa pamepata mwenyewe. Msimu huo, kabla hajarudishwa safuni msimu wa pili, aliuza mpaka pete ya mamake. Hakumgombeza mtu. Alikaa akafikiri, na mtu mnyamavu akifikiri msimu mzima si jambo la kupuuzwa.

Alichokitaka kilikuwa kidogo. Yeyote atakayeumia kazini, mahali pake pamngojee mpaka apone, na sahani yake ya kila siku ipelekwe kwake. Fundi akikataa, wote wakatae pamoja. Aliwaita wanawake nyumbani kwake akawaeleza, nao wakapenda, wakakubaliana kufanya chama. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana vyama walivyovijua wao vilikuwa vyama vya ngoma, na chama cha ngoma bila vyeo hakijawahi kuonekana Amu. Walikuwa wanawake kumi na mmoja. Kufika alasiri walikuwa wamepata malkia mmoja, mawaziri wawili, kadhi, liwali, jemadari, na karani asiyejua kusoma. Waliobaki walinuna mpaka nao wakapewa vyeo.

Mwanamkisi alikuja akasimama mlangoni, akawasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa adabu zote raia wa dola hii ni nani. Wakacheka wenyewe. Alipoombwa aingie alisema chama chake ni mikono yake miwili, na fundi Kamaludin ni mtu mwema, na mwenye kufanya kazi vizuri hana haja ya kujificha nyuma ya wenziwe. Akaenda zake, na kesho yake akaitia dola yao kwenye wimbo wa kazi, ukaimbwa wiki nzima.

Wako hata leo wanaouliza chama cha wafanyakazi ni cha nini, ikiwa mtu ni hodari na bwana wake ana huruma. Nikiwasikia namkumbuka Mwanamkisi, kwa kuwa maneno yao yote alikwisha kuyasema yeye, tena kwa vina. Wala hakuwa mjinga. Fundi hakuwa amemfanyia ubaya wowote mpaka siku hiyo, na mtu huhukumu kwa alichokiona.

Kazi kubwa ya msimu ule ilikuwa nyumba ya Bwana Khatib, aliyekuwa akimjengea binti yake ghorofa kwa ajili ya harusi. Harusi ilikwisha kupangiwa siku, na mvua zilikuwa karibu. Siku ya kwanza ya kupiga, baada ya adhuhuri, Mwanamkisi alikuwa amemshika fundi kwenye wimbo. Aliinua uso ili amwone anavyokasirika, kipande cha mwenziwe wa safuni kikaangukia penye maji, na chokaa ikamrukia jichoni.

Aliteremshwa ngazi akiwa ameshikwa huku na huku, akitukana. Walimwosha kwa maji mengi, wakaita mwanamke anayenyonyesha akamkamulia maziwa jichoni, kama ilivyo dawa ya nyumbani. Tabibu akaja akamfunga kitambaa, akamwambia asikaribie chokaa kwa mwezi mzima akitaka jicho lake. Fundi alimshika mkono kwa huruma ya kweli, akamwambia aende akapumzike, nguzo haing'oki kwa tone moja.

Siku ya pili Mwanamkisi aliamka akavaa leso nzuri, akafagia, akakaa akimngojea mtu wa kuleta sahani. Saa sita ikapita. Akasema wali umechelewa kuiva. Alasiri ikaingia, akasema fundi leo ana shughuli. Kutoka sakafuni kwa Bwana Khatib alikuwa akisikia vipande, na kwa muda alisikiliza kwa raha, akikosoa. Kisha akasikia kwamba safu haina pengo. Mpigaji wa miaka kumi na mitano anajua hesabu ya vipande kwa masikio tu, na vipande vilikuwa kumi na viwili vilevile. Mpita njia mmoja akamthibitishia: mahali pa ukutani amewekwa Tima, msichana wa Kizingitini mwenye mabega mapana, na fundi amemsifu kwamba ni nguzo.

Siku hiyo Mwanamkisi aliogopa. Msimu wa kujenga ulikuwa umebaki mwezi mmoja, na baada yake ni mvua. Mwanamke wa jicho moja, peke yake, kodi ya chumba inadaiwa, na kidole kimekwisha kumruka. Alijua hakuna fundi mwingine atakayemchukua. Alijua pia kwa nani angeweza kwenda kulia, na kwamba miaka miwili alikuwa amewaimba kwa kejeli. Aliufunga mlango akakaa, na hakumwendea mtu.

Hakujua kwamba wenziwe walikutana nyumbani kwa Radhiya jioni hiyohiyo, baada ya kazi. Mkutano haukuwa wa kishujaa. Jemadari alisema ana tumbo. Waziri mmoja alikumbusha kwamba Mwanamkisi si mwanachama, na kwamba ubeti ule wa karani asiyejua kusoma ulimuuma mwenyewe sana, karani akakubali kwamba ulimuuma. Malkia akauliza kama si bora kungojea aumie mtu wao. Radhiya aliwaacha wakamaliza. Kisha akasema yeye kesho atakaa chini hata akiwa peke yake, na asiyetaka asitake. Aliniambia mwenyewe kwamba hakukuwa na maneno mengine, na nilivyomjua, najua hayakuwapo.

Siku ya tatu, ambayo ndiyo siku ya sakafu kushika au kuharibika, walipanda, wakajipanga, na Radhiya akaweka kipande chake chini akakaa, akanyoosha miguu yake yenye makovu. Wa pili akakaa. Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa safu, na jemadari naye akakaa, ameshika tumbo. Tima peke yake, ambaye hakuambiwa kitu, aliendelea kupiga. Sauti ya kipande kimoja juu ya sakafu kubwa vile ilimtia haya. Akawatazama wenziwe, akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akakaa.

Fundi Kamaludin alianza kwa maneno matamu, akayamaliza. Akaja kwa hasira, nayo ikaisha. Jua lilikuwa linapanda na chokaa inaanza kubadilika rangi, basi akachukua kipande mwenyewe akapiga, na kofia ikamdondoka. Wanawake walimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto anayejaribu kujifunga shuka. Kazi ile ilitaka vipande kumi na viwili, na yeye alikuwa na kimoja tu, tena kwa mikono laini.

Ukimya ulimpandisha Bwana Khatib mwenyewe. Alipoiona safu ya wanawake waliokaa kimya, vipande mapajani, aliuliza ni nani aliyefariki. Fundi akamweleza, akijitetea kwamba huyo wanayemgombania hata katika chama chao hayumo, amewakataa na kuwadhihaki mji mzima ukisikia.

Bwana Khatib akamgeukia Radhiya. "Ni kweli hayumo?"

"Hayumo, Bwana," Radhiya akasema kwa Kiamu, ambacho chokaa hukiita tokaa na jicho ito. "Lakini tokaa haikuuliza. Ilimwingia ito, yeo ni yeye, kesho ni mimi."

Ningependa kusema kwamba haki ilimgusa moyo Bwana Khatib. Nadhani kilichomgusa ni mawingu. Aliitazama sakafu iliyokuwa inaanza kupauka pembeni, akakumbuka wageni wa harusi watakaolala chini yake, na akamwambia fundi kwamba mwanamke huyo mahali pake pawe pake, na sahani yake itoke jikoni kwake yeye mwenyewe mpaka apone. Fundi akauliza Tima atafanywaje. Radhiya akasema safu itasogea, ukuta ni mrefu. Fundi akaapa mbele ya Bwana Khatib na mbele ya wanawake wote, wakainuka wakapiga kama watu wanaofukuzwa, wakaiwahi. Pembe moja tu ilipasuka, na yuko mtu wa ukoo ule anayelalamikia uvujaji wake mpaka leo.

Radhiya ndiye aliyeipeleka sahani. Alikuta mlango umefungwa, akagonga mpaka ukafunguliwa. Akaiweka sahani juu ya mkeka, akaeleza yote kwa maneno machache: tulikaa, fundi ameapa, mahali pako ni pako.

Mwanamkisi, kitambaa jichoni, aliitazama sahani. Kisha akaikasirikia sakafu iliyoachwa. "Mumeiwata tokaa siku ya tatu? Ikauke?"

"Pembe moya tu," Radhiya akasema.

Akamgombeza kwa ile pembe. Akauliza nani aliyepiga upande wa ukuta, akasikia ni Tima, akasema mkono wa Tima hauna adabu. Alisema mengi, na huku anasema alikuwa analia kwa jicho lake zima, bila kulifuta, kama si lake. Radhiya alikaa akamngojea. Wali ulikuwa unapoa.

Mwishowe maneno yakamwishia. Alitazama miguu ya Radhiya, yale makovu ya msimu ule ambao kidole kilimruka yeye, naye Mwanamkisi akala sahani iliyojaa kwenye kivuli, wala hakuuliza yuko wapi.

"Lau ingekuwa ni wewe," akasema, "mimi singekaa tini. Ningepiga."

"Twayua," Radhiya akamwambia, akamsogezea sahani.