Mjomba Apolinari na Boti Iliyokunywa Ziwa

Mjomba wangu Apolinari huweka sikio kwenye mbao za boti kama mganga wa zahanati anavyoweka mpira kifuani pa mtoto. Hufumba macho. Ukimwita wakati huo hasikii, au anasikia kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Mara nyingi nikiwa darasani Shinyanga, mwalimu akiandika ubaoni, namwona hivyo: amelala ubavu juu ya mchanga wa Nungwe, anasikiliza.

Boti ni ya zahanati ya misheni. Ni ya mbao, rangi ya samawati, na injini yake ya dizeli imekaa katikati. Kazi yake ni kupeleka dawa na wakunga visiwani na kurudi na wagonjwa. Mjomba ameitunza tangu mwaka uliofuata Uhuru, na hajui kuogelea. Nilipomwuliza kwa nini hajajifunza, alisema, "Nikijua kuogelea nitaacha kuziba vizuri."

Likizo ya mwezi wa sita, mwaka 1973, nilimkuta amekonda. Boti ilikuwa inavuja, na hakuona panapovuja. Kila asubuhi ilikutwa imekunywa ndoo kumi na nne. Maji yalitulia chini ya sakafu, yakibeba mawingu kana kwamba yameingia na anga yake.

Sista Melania, msimamizi wa zahanati, alikuja ufukweni Jumatano akiwa amekunja mikono ya kanzu yake.

"Apolinari, siwezi kumpandisha mama mwenye uchungu kwenye karai lenye tundu. Ikifika Jumamosi bado inaingiza maji, injini itang'olewa ipelekwe Mwanza, na mbao ziende jikoni."

"Sawa, Sista."

"Sawa nini?"

"Sawa Jumamosi."

Alipoondoka, Mjomba aliipapasa boti shavuni, pale mbele inapojipinda. Dereva wa boti, Bartholomeo, ambaye huwa hawezi kuacha kimya kikae, alisema, "Usihuzunike, mzee. Ugali utakaopikwa kwa kuni hizi utanukia dizeli, watakukumbuka."

Siku hiyo Mjomba alikausha tumbo lote la boti kwa matambara, akaiwasha injini, akapitisha vidole kwenye mipira yote inayovuta maji ya kuipoza. Mikavu. Alhamisi aliukagua mhimili unaotoka nje kuzungusha pangaboi, akafungua pakingi ya zamani, ile kamba inayozuia maji mhimili unapopita, iliyokuwa imekauka kama ngozi ya mbuzi, akaweka mpya yenye grisi. Tukangoja. Maji yalirudi, taratibu, bila sauti, kama usingizi unavyomwingia mtu ambaye hajalala.

"Basi ni mbao," alisema. "Kesho tunaitoa."

Ijumaa asubuhi wanaume ishirini waliivuta juu ya magogo, wakiimba. Boti iliyokuwa nyepesi majini ikawa nzito kama nyumba. Mjomba akasema tuijaze maji.

"Tumeitoa majini ili uijaze maji?" Bartholomeo aliuliza.

"Panapoingia ndipo panapotokea. Leteni madebe."

Tukaijaza hadi magotini. Kisha Mjomba akachukua unga wa muhogo kwenye ungo, akaanza kuurusha kwenye ubavu wa boti, kwa nje, kiganja kwa kiganja, mpaka samawati yote ikawa nyeupe.

"Mama Valerian!" Bartholomeo alimpigia kelele mke wa Mjomba kule juu. "Boti imevaa chakula chako cha jioni!"

Halafu hata yeye akanyamaza, maana ilikuwa vizuri kutazama. Boti ilisimama nyeupe katikati ya jua kama kitu kilichoshuka usiku bila kuonwa na mtu. Tulikaa mchangani. Upepo ulipita, ukaondoa unga kidogo, ukatulia. Sijui tulikaa muda gani. Nadhani nilisinzia macho yakiwa wazi, nikaota naingia chini ya ziwa na kuitazama boti kwa chini, kama samaki wanavyoitazama.

"Pale," alisema Mjomba.

Karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, usawa wa injini, doa la kijivu lilikuwa limejitokeza. Lilikuwa dogo kama senti tano, likakua, likatoa tone.

Tukamwaga maji yote. Mjomba akaingia na tochi, akajikunja chini ya injini hadi zikabaki nyayo zake tu. Kisha akaniita nitazame.

Kati ya mbao mbili, mahali ambapo jua halijawahi kufika, ulikuwa umeota mche. Shina jembamba, jeupe kama uzi, na majani mawili ya rangi ya manjano yaliyokunjwa kama viganja vya mtoto mchanga.

Ilinichukua muda kuelewa. Kila kiangazi Mjomba huziba nafasi za mbao kwa kalafati, yaani kamba za pamba anazozigongelea humo kwa patasi butu na kuzipaka lami. Pamba hiyo huandaliwa na mama yake, Bibi Nyamizi. Bibi alizaliwa upande wa Shinyanga, kwenye pamba, na dada yake humletea gunia kila mwaka. Haoni, kwa hiyo huitoa mbegu kwa vidole, moja moja, kisha huisokota juu ya paja. Pamba ya zahanati Bibi haitaki hata kuisikia. Mwaka huu mbegu moja ilikuwa imempita. Ikanywa unyevu, ikavimba, ikaota, ikasukuma kamba nje ya nafasi yake.

Mjomba aliung'oa mche pamoja na mizizi, akaupeleka nyumbani kwenye kiganja. Bibi alikuwa amekaa uani.

"Mwangaluka, Mayu," Mjomba alimsalimu mama yake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umeleta nini?"

Akamwekea mkononi. Bibi aliupapasa, polepole, mpaka akafika kwenye ganda la mbegu lililokuwa bado limeng'ang'ania jani.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ni yako, Mayu."

"Vidole vimeanza kuniacha. Asubuhi havisikii hata moto wa chungu." Akaurudisha mche. "Kaombe pamba ya Sista."

"Ya Sista ni laini, itaoza kabla ya mvua. Nataka yako, na naitaka leo."

"Utawazamisha watu, Apolinari."

"Sijui kuogelea, Mayu. Nitakuwa humo ndani nao."

Bibi aliinamisha kichwa. Tulidhani amekataa. Kisha akavuta gunia, akachukua bonge la pamba, akalichambua. Alipomaliza hakulisokota. Alilipitisha kati ya midomo yake, lote, polepole, akiwa amefumba macho, vilevile kama mwanawe anavyosikiliza mbao. Mara akageuka pembeni akatema mbegu. Halafu nyingine. Alasiri nzima alikaa hivyo, nyuzi nyeupe zikimning'inia kidevuni, na hatukuthubutu kumsemesha.

Jioni hiyo Mjomba aliziba. Jumamosi boti ilirudi majini, na kabla hatujaondoka alinyunyiza unga wa muhogo ndani, juu ya mbao za chini, akafunika sakafu. Bartholomeo akawasha. Sista Melania alikaa mbele, mwavuli mkononi. Tulikwenda hadi kisiwani tukarudi, mawimbi yakiipiga boti mbavuni, na Mjomba hakutazama maji hata mara moja. Alitazama miguu yake.

Tulipofika, Sista mwenyewe alifunua sakafu. Akapitisha kidole, akakitazama, akakipuliza. Unga ukapeperuka.

"Ilikuwa nini?" aliuliza.

"Mbegu ya pamba, Sista. Ilimpita mama."

"Na hii ya sasa umeziba kwa pamba ipi?"

"Yake."

Sista alitazama ufukweni. Bibi alikuwa amesimama pale, shingo imenyooka, akijaribu kusikia. Sista akarudisha ubao mahali pake.

"Jumatatu nina chanjo za kupeleka," alisema. "Saa moja kamili."

Bartholomeo alipiga honi mpaka kunguru wakaruka. Bibi aliposikia honi alikaa chini palepale, mchangani.

Mche upo kwenye kopo la maziwa, mlangoni kwake. Nilipoondoka kurudi shuleni majani yake yalikuwa yamegeuka kijani.