Nimemwita mke wangu dada

Leo nimemkana mke wangu mbele ya wenzangu wa machimbo ya mawe hapa Kitengela.

Kosa ni langu. Niliona krimu ya kung'arisha ngozi kwa televisheni ya hoteli, msichana anang'aa uso mzima. Nikanunua kopo, nikamtumia mke wangu kijijini kwa basi la Mwingi. Alijipaka, akaenda kupalilia juani.

Leo amenitembelea machimboni, mashavu yamebabuka kwa krimu ile na jua. Mwenzangu mmoja akauliza,

"Mutua, huyu mama amechomwa na jiko? Ni nani yako?"

Nikajibu, "Ni dadangu."

Alinisikia. Akawasalimia wote kwa mkono. "Ndiyo, mimi ni dada yake."

Jioni tumefika chumba changu cha kupanga, ameuliza, "Sasa dada yako atalala wapi?"