Stambuli na Vitanda Sita

Mume wangu Stambuli alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, kule mbele ya Tabora. Alikuja Morogoro kijana kufanya kazi kiwandani, akanioa, na kiwanda kilipofungwa nikampandisha kwetu Matombo tukalime. Alilima zaidi ya miaka thelathini. Kwetu Waluguru ardhi ni ya lukolo, ukoo wa upande wa mama, na mume aliyetoka mbali hapandi mti wa kudumu, maana mwenye mti mwisho atadai na udongo. Kwa hiyo Stambuli alipanda mahindi na maharage. Mdalasini wote ulioko pale mlimani ni wangu na wa dada zangu. Yeye aliupalilia tu.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Mara tatu aliniambia, "Mwanaheri, twende kwetu nikuonyeshe ninakotoka." Mara tatu nilimjibu, "Nenda wewe. Mimi siachi shamba la mama yangu nikale ugali wa muhogo ugenini." Hakwenda. Watu wakanisifu kwamba nimepata mume mtulivu.

Mwaka jana aliugua ini. Tumbo likavimba, kukaa hawezi, ni kulala tu. Akasema neno moja: "Nisizikwe kwenye shamba la watu."

Neno hilo lilinichoma. Nikaapa nitampeleka kwao angali hai. Ndani ya basi ni kukaa tu, kwa hiyo nikachagua treni, ile ya zamani yenye vitanda, siyo ya umeme. Na nilikuwa na langu moyoni: nilitaka kumwomba radhi. Mwanamke wa Kiislamu hamwachi mumewe aende bila radhi yake, na mimi kwa mdomo wangu huu, mbele ya dada zangu, nisingeweza. Nikajiambia, ndani ya treni, taa zikizimwa, tuko wawili, nitasema.

Nilikwenda stesheni peke yangu. Binti wa dirishani alinipa shikamoo yangu vizuri.

"Kukaa au kulala, bibi?"

"Kulala. Mimi na mzee wangu, mgonjwa. Mpaka Tabora."

"Nauli ya kulala inazidi ya kukaa, lakini kitanda kimo humo humo, hukilipii tena. Ila wanawake wana vyumba vyao na wanaume vyao. Mkitaka kulala pamoja mnalipia chumba kizima, vitanda sita."

"Watu wawili vitanda sita? Hivyo vinne wanalala majini?"

Foleni nzima ikacheka. Nikapata nguvu.

"Ndiyo utaratibu, bibi. Sasa mgonjwa ukimwacha na wageni..."

"Miaka arobaini na moja nalala naye, leo nilipie ruhusa? Mahari ilishatolewa, binti. Haitolewi mara mbili. Kata tiketi mbili."

"Mkatie, dada!" akadakia mwanamume mmoja nyuma yangu. "Huyo bibi ukibishana naye, treni itatuacha wote!"

Akakata mbili. Nami niseme kweli: pesa ya vitanda sita nilikuwa nayo, ya mdalasini, imefungwa kwenye pindo la kanga. Nilidhani binti anataka kuniibia. Nikadhani pia kwamba tukishaingia, nani atathubutu kunitenga na mume wangu?

Walithubutu. Mhudumu wa behewa alisoma tiketi, akanionyesha chumba cha mwanzo, wanawake watano, wawili wananyonyesha. Stambuli akabebwa mpaka chumba cha mwisho, wanaume watupu. Nikafungua pindo, nikasema nalipa hivyo vinne sasa hivi.

"Bibi," akasema kwa upole, "vimeshanunuliwa. Niwashushe watu?"

Aliniruhusu kwenda kumnywesha uji. Fundi ujenzi mmoja, Evance, alikuwa amempisha kitanda cha chini. Nikainama kwa mgonjwa wangu. Wanaume watano wananitazama. Ningesemaje pale? Nikamfuta mdomo, nikamwambia, "Kesho." Nikasimama kwenye ujia mpaka Dodoma, miguu ikakataa, nikaenda kujilaza.

Tulipokwisha pita Manyoni, Evance akaja kugonga. Nilipofika alikuwa ameshamfumba macho. Hata shahada hakutamkiwa, maana Evance ni Mkristo. Aliniambia alimwombea kwa namna yao.

"Alisema nini?"

"Aliuliza tumefika wapi, mama. Nikamwambia."

"Na mimi? Hakunitaja?"

Evance akatazama chini. "Nilimuuliza, mzee, nikuitie mama? Akasema..."

"Sema, baba."

"Akasema, 'Mwache. Safari hii hakuitaka.'"

Tulimzika Urambo, kwenye udongo wao. Wifi zangu wakaniuliza kama aliniachia radhi. Nikasema ndiyo, aliniachia. Wakanipa chumba cha eda, nikakaa miezi minne na siku kumi, nikila ule ugali wa muhogo. Ni ugali mzuri.

Eda ilipoisha wakanisindikiza mpaka Tabora. Dirishani alikuwepo kijana.

"Kukaa au kulala, mama?"

Pesa ya mdalasini bado ilikuwa kwenye pindo.

"Kukaa," nikamwambia.