Nywele Zangu za Jumatano

Naanza na ujinga wangu, asije mtu akasema nimeuficha. Ijumaa moja, kabla ya masomo, nilipita kwa kinyozi nikamwambia anyoe kichwa chote, asibakishe hata kivuli. Sababu ilikuwa moja tu: nilitaka kumwigiza mkuu wa disiplini, msimamizi wa nidhamu shuleni kwetu.

Yeye ana kichwa kinachong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, na hutembea polepole, mikono nyuma, kama mtu anayetafuta kifungo alichokiangusha. Mwendo wake nilikuwa nao tangu mwaka jana. Sauti pia. Nilikosa kichwa tu. Basi saa ya mapumziko nikapanda ngazi za darasa letu, nikavua kofia, nikaweka mikono nyuma. Mwaka wa tano mzima ukaanguka chini. Kuna mmoja alicheka mpaka andazi likamtokea puani.

Halafu kicheko kikakatika, kama mtu amezima redio. Mwenyewe alikuwa nyuma yangu.

Nikangoja adhabu. Alinizunguka, akakitazama kichwa changu pande zote, kisha akasema neno moja la Kifaransa, kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo:

“Enfin.”

Yaani, hatimaye. Wiki tatu nzima alikuwa amelazimika kuvumilia kichaka kilichoota kichwani mwangu, kwa kuwa maman yangu alikwenda mwenyewe ofisini kwake kumwomba: mutoto asinyolewe mpaka filme iishe.

Filme sikuwa nimeisahau. Nilidhani tu kwamba nywele zangu zimeshamaliza kazi yake.

Kwa majirani wetu wa Muhumba, maman ni mwalimu wa watoto wa mwaka wa kwanza. Lakini kwa miaka ishirini amecheza teatre na muzee mmoja mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa, ambaye ndiye kiongozi wa kundi lao. Wamecheza kwenye kumbi za parokia na viwanja vya shule. Siku moja ukuta wa kartoni ulimwangukia maman mgongoni katikati ya mchezo, akageuka, akasema “Tetemeko tena!” na mchezo ukaendelea. Jukwaani hakuna kusimama. Maman amekuwa malkia, mchawi, bibi-arusi mara nne, na hakuna kilichobaki, hata picha moja isiyo na ukungu. Siku muzee alipokuja nyumbani kusema kwamba sasa watatengeneza filme yao wenyewe, bila kumngoja mtu yeyote, maman alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

“Nikikufa leo,” alisema, “batoto bangu bataona nini? Bataambiwa tu: mama yenu alikuwaka anacheza. Bon. Safari hii bataona.”

Hadithi aliiandika muzee. Mwanaume amekwenda kuchimba dhahabu Shabunda, miaka sita hajulikani aliko, mkewe anamngoja. Mwishoni anarudi. Maman alikuwa mke, mimi nilikuwa mtoto, na muzee mwenyewe alikuwa baba. Alionekana mara moja tu, pale mwishoni, lakini kwa mara hiyo moja alikuwa amejiandikia maneno ya kurasa mbili. Aliyarudia njiani akipanda mlima wa kwao, watu wakadhani anasali.

Jumatano tulikuwa tumepiga kipande cha nje: mimi nakimbia, simu mkononi, napita lango, nasukuma mlango. Bila neno. Ijumaa hiyo hiyo mchana tungepiga cha ndani, cha mwisho kabisa, kwenye nyumba tupu ya Nguba tuliyoazimwa. Kesho yake asubuhi wapangaji wapya wangeingia na rangi zao na vitanda vyao. Hiyo nilijua. Ila kwa akili yangu ya teatre, kilichochezwa kimechezwa. Jukwaani ukisukuma mlango, umeingia. Hakuna mtu anayesukuma mlango Jumatano akatokea ndani Ijumaa. Na wale wakubwa, na miaka yao yote ya jukwaa, hakuna hata mmoja aliyefikiria kuniambia.

Nilifika Nguba na kofia yangu. Maman alikuwa ameketi karibu na dirisha, misuko yake imekazwa vizuri. Muzee alikuwa uani, amevaa koti la mchimba dhahabu, anazungumza na ukuta. Mpiga kamera, kijana ambaye kazi yake ni harusi, ndiye peke yake kati yetu aliyejua mambo ya kamera.

“Toa kofia, tuanze,” alisema.

Nikatoa.

Akanitazama. Akaitazama kamera. Akanitazama tena.

“Petit, Jumatano ulikuwa na nywele.”

“Ndiyo, tonton.”

“Unasukuma mulango na nywele, unaingia bila nywele. Zilibakia kwa kitasa?”

“Upepo,” nilisema.

Hakuna aliyecheka. Ni mara chache katika maisha yangu nimesema kitu kikaanguka namna ile. Muzee aliingia, akaona, akakaa chini pale pale sakafuni na koti lake. Nilimgeukia maman nikingoja anigombeze, kwa sababu maman akigombeza najua pa kujificha. Nimemwona na nyuso nyingi, za malkia na za wachawi. Siku ile uso wake haukuwa unacheza chochote.

Muzee aliinuka, akafungua sanduku lao la zamani, akatoa nywele za bandia, akanivalisha. Mpiga kamera akatazama ndani ya kamera.

“Muzee, hii ni mbuzi.”

“Hizi nywele zimecheza bafalme!”

“Kwa mutu mwenye kukaa mustari wa kumi, sawa. Kamera haiko mustari wa kumi. Iko hapa karibu, kwa magoti ya mutoto.”

“Basi avae kofia.”

“Nje hakuwa na kofia.”

“Tupige nje tena.”

“Na kichwa gani? Filme yote ana kichaka. Chini ya kofia kitapita wapi?”

Juu ya ziwa wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Nyumba ile ina bati bila dari, na mvua ikianza tusingesikia hata kikohozi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mwanga wetu wote ulikuwa ule wa dirishani, nao ulikuwa unapungua. Nilisimama katikati ya chumba, mbuzi kichwani, nikajua kwamba nimemnyang'anya maman kitu ambacho siwezi kukirudisha hata nikikesha nazivuta nywele zitoke.

Ndipo jirani aliyetuazima viti akachungulia mlangoni. Nilikuwa nimeshatoa ile mbuzi. Akaona upara wangu, akamwona maman ameinamisha kichwa, akajishika kifua. Kwetu mtoto akinyolewa hivi katikati ya masomo, ni chawa au ni msiba.

“Yoo, maman, pole sana! Nani amekufa?”

Nilifungua mdomo kujibu “nywele”. Muzee akaniziba kwa kiganja chake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

“Mimi.”

Jirani akarudi nyuma hatua mbili.

“Ni mimi nimekufa,” muzee alirudia, sasa akimtazama mpiga kamera. “Onyesha ile ya Jumatano.”

Tuliinama wote, jirani pia, juu ya kioo kidogo cha kamera. Nilijiona nakimbia, kichaka kinarukaruka, mdomo wazi, simu nimeikamata kama inataka kuniponyoka. Siku ile nilikuwa nakimbia na habari njema: papa anarudi. Lakini nilikuwa sisemi. Na nilipojitazama sasa, nikijua alichokuwa anafikiria muzee, kwamba papa wa filme afe badala ya kurudi, nikaogopa uso wangu mwenyewe. Kukimbia na habari njema na kukimbia na habari mbaya, kamera haijui tofauti.

“Anasukuma mulango,” alisema muzee. “Kisha tunamuona amekwisha kunyolewa. Hakuna haja ya kueleza mutu.”

“Na mama yake?” aliuliza mpiga kamera. “Mutoto amenyolewa, mujane anabakia na misuko?”

Tukageuka wote. Maman alipeleka mkono kichwani.

Shida ni kwamba maman si mjane. Papa wangu wa kweli ni fundi wa magari, ana afya na anakula vizuri. Mwanamke mwenye mume hanyoi kichwa hivi hivi. Ni kama kumchimbia mumewe kaburi. Maman akachukua simu, akampigia, akaweka sauti ya wote kusikia.

“Nataka kunyoa kichwa.”

“Juu ya nini?”

“Umekufa.”

Tulisikia nyundo ikiwekwa chini.

“Mimi?”

“Ndani ya filme.”

“Ah. Nimekufa na nini?”

“Mugodi umebomoka.”

“Bon. Nywele ni za kwako. Lakini kwa majirani utapita nyumba kwa nyumba, ubaambie niko muzima. Sitaki kutoka kazini nikute batu banalia kwa parsele yangu na banakunywa chai yangu.”

Simu ikakatwa. Mpiga kamera alimtazama muzee.

“Na zile kurasa zako mbili?”

Muzee alianza kufungua vifungo vya koti. “Nimekufa mara mingi kwa jukwaa,” alisema. “Lakini kila mara batu balinionaka kwanza.” Akavua lile koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti kitupu, mahali ambapo kamera ingeliona. Akalinyoosha bega. “Mimi ni huyu.” Kisha akaenda kusimama nyuma ya mlango, na shati lake tu, katika baridi ile.

Ikabaki kunyoa. Aliyetakiwa kunyoa ni mimi, kwa mkasi kisha wembe alivyovileta jirani, na ingekuwa mara moja tu. Nywele huwezi kuziambia zirudi tuanze upya. Zaidi ya hapo nina kasoro ambayo maman anaijua: nikiogopa, nacheka. Kwenye mazishi ya babu walinitoa nje.

“Hakuna maneno,” alisema mpiga kamera. “Hakuna kusimama. Kitakachotokea, kitokee.”

Maman aliketi, akatazama dirisha. Nikasimama nyuma yake. Kamera ikaanza.

Nilikata msuko wa kwanza. Ukaanguka begani mwake, ukateleza mpaka sakafuni, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Wa pili. Wa tatu. Sikuwahi kukiona kichwa cha maman kwa juu. Kuna kovu dogo karibu na utosi ambalo sikulijua. Nje wingu likanguruma. Nikamaliza misuko, nikalowesha kichwa kwa maji ya bakuli, nikachukua wembe, na ndipo kicheko kikaanza kupanda kutoka tumboni. Nilikisikia kinakuja. Nikauma midomo. Kikafika kooni. Wembe ukateleza, na nyuma ya sikio la maman ukatokea mstari mwekundu, mwembamba, kisha tone.

Nikasimama.

Hakuna kusimama, na mimi nilisimama. Nilisikia mpiga kamera anavuta pumzi. Nyuma ya mlango, yule mtu wa sauti ya kuvuka ziwa hakusikika hata kidogo. Miaka ishirini ya maman ilikuwa imesimama pamoja na mkono wangu.

Maman hakugeuka. Hakushtuka. Aliinua mkono wake, taratibu, bila kuacha kutazama dirisha, akanishika kifundo cha mkono, akaurudisha mkono wangu kichwani mwake. Akaviacha vidole vyake pale muda kidogo, kisha akaushusha mkono wake.

Nikaendelea. Kilichokuwa kooni kilitoka, lakini hakikutoka kama kicheko. Sikukiita na sikukizuia. Sikuona vizuri kwa machozi, nikanyoa kwa kupapasa, mpaka wembe haukuwa tena na la kufanya. Maman akalitazama lile koti kwenye kiti. Alilitazama tu. Hakupaza sauti, hakuinua mkono, hakufanya lolote kwa ajili ya mstari wa kumi.

“Iko,” alisema mpiga kamera. Akarudia, kama asiyeamini: “Iko. Iko mule ndani.”

Matone ya kwanza yakagonga bati. Muzee alitoka nyuma ya mlango, macho mekundu, akaenda kulivaa koti lake na akakosa mkono mara mbili kabla ya kuupata. Mimi nilikuwa bado na wembe. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha na nikakitafuta kila mahali.

Maman alijipapasa kichwa, mbele, nyuma, akafika pale nilipomkata, akatazama kidole chake. Kisha akaniambia:

“Kesho utanisindikiza nyumba kwa nyumba. Mimi nitanyamaza. Kila mwenye kuuliza nani amekufa, utajibu weye. Na ile kofia yako utaiacha ku nyumba.”