Jiwe Letu la Mpaka Lilikuwa Ndani ya Kioo

Jiwe la mpaka wa shamba letu lilipotea kijijini kwetu Kisegi. Miezi saba baadaye nikalikuta Homa Bay, limelala kwa sanduku la kioo, limewashiwa taa.

Ngoja niwaambie.

Lilipopotea sikuuliza mtu. Jirani yetu Jeremiah ndiye alikuwa analima upande ule. Nani mwingine?

Nilimtusi sokoni. Nikamtusi kanisani, hata sadaka haijaisha kupita.

Nikamshtaki kwa chifu. Jamaa hakujitetea, alitingisha kichwa tu. Chifu akasema Ijumaa atatukatia hatua tatu za shamba la Jeremiah.

Mwizi wa kweli, nikasema, hata mdomo hana.

Jumatano hiyo chama chetu cha akina mama kikaenda makumbusho ya miti iliyogeuka mawe. Ati miti. Ati mawe. Wueh! Niache jiko langu nikaangalie kuni isiyoshika moto? Mimi nilifuata pilau tu.

Kijana wa kutuzungusha, Okari, alikuwa na koti limemshinda ukubwa na kiburi cha daktari.

"Wamama, msiguse. Mti huu ulikuwa hai kabla mtu yeyote hajazaliwa duniani."

"Sasa nani alikwambia?" nikamuuliza. Wamama wakacheka.

Halafu nikaona jiwe ndani ya sanduku la kioo, lina msalaba wa rangi ya bluu. Niliupaka mimi mwenyewe, na rangi iliyobaki ya mlango.

"Yawa! Hilo jiwe ni letu!"

"Hilo ndilo zuri kuliko yote," Okari akasema. "Ona mistari ya mti ndani. Shida ni hiyo rangi. Sijui ni mjinga gani alipaka."

Hilo la mjinga nikaliacha, nikamwambia anionyeshe jina la mwizi. Wale watu huandika kila kitu: jiwe limetoka wapi, lini, nani amelileta. Okari akafungua kitabu. Nikatoa simu nipige picha jina la Jeremiah, nimpelekee chifu.

Iliandikwa Walter, wa Kisegi. Na sahihi.

Walter ni bwanangu.

Nilipofika nyumbani hata kiatu sikuvua. "Walter, ni wewe ulipeleka jiwe la mpaka makumbusho?"

Akaangalia sufuria. "Walisema ni la maana sana. Wakanipea cheti."

Cheti kilikuwa chini ya godoro. Miezi saba nimekilalia!

"Na mbona hukusema?"

"Benta, ulikuwa ushaanza kupiga kelele."

Ijumaa nikasimama mbele ya chifu na kijiji chote. Nikasema yote, aibu inanichoma mpaka masikio. Nikamgeukia Jeremiah.

"Shemeji, nisamehe. Nilikusingizia."

"Najua, Nyar Muhuru," akasema. Huniita hivyo kwa sababu kwetu ni Muhuru Bay. "Mimi ndiye nilimsaidia Walter kulipandisha kwa bodaboda."

"Ati nini? Na ukanyamaza? Si ungepoteza shamba!"

"Alinililia nisikwambie. Mimi ningepoteza hatua tatu, basi. Yeye anaishi na wewe kila siku."

Watu walicheka mpaka chifu akafunika uso na faili. Walter hakucheka. Alikuwa anaangalia chini, na hapo ndipo nilijua si mzaha.

Mnataka funzo? Mwanaume mzima alikubali jirani yake anyang'anywe shamba kuliko kuniambia mimi ukweli. Kama watu wa nyumba yako wanakuficha mambo, acha kutafuta mwizi kwa jirani. Anza na huo mdomo wako.